Mbwa Alipomfukulia Padre Skonzi Yangu

Mbwa wetu Bosco aliingia jikoni na kitu mdomoni, akapita katikati ya miguu ya majirani, akakiweka juu ya kiatu cha Padre.

Padre akainama. Akakiokota. Akakigonga mezani.

Ko.

"Bibi Nuala," akaniuliza, "hili ni jiwe au mfupa?"

Ilikuwa skonzi.

Skonzi yangu mimi. Imejaa udongo pande zote, na haijameguka hata punje.

Wacha niwasimulie taratibu, maana siku hiyo nilimwita jirani yangu mwizi wa mume mbele ya nyumba nzima, Padre akiwa na kijiko cha jamu mkononi. Na aibu iliyokuja baada ya hapo haikuwa ya jirani.

Mambo yalianzia kwenye tumbo la Malachy.

Malachy ni mume wangu. Ni mkulima, mpana kama mlango wa zizi, mikono kama makoleo. Tunakaa Leitrim, mashambani, kwenye mvua. Tangu nimeolewa naye, ikifika saa tano asubuhi anaacha ng'ombe wake, anavua buti mlangoni, anaingia na soksi zake zilizotoboka, anakaa, anakula skonzi ya zabibu yenye siagi, na tunaongea.

Hapo ndipo tulipowapa watoto majina. Hapo ndipo aliponiambia mama yake amefariki. Hapo ndipo tulipogombana, na hapo ndipo tulipopatana, mdomo ukiwa na makombo.

Watu wengine wana sebule. Sisi tuna skonzi.

Basi mwaka jana mzee akaanza kukonda. Suruali yake ikawa inashikiliwa na kamba ya kufungia majani. Kila akila, mbio chooni. Nikamburuta kwa daktari kama ndama.

Daktari ni binti mdogo, mpole, ana macho ya mtu asiyelala vizuri. Akapima damu, akapima hiki na kile, akatuita.

"Mzee, ngano inakula utumbo wako. Na sukari nayo imepanda. Kuanzia leo ngano basi, sukari basi, wanga mwingi basi. Ngano ndiyo mbaya zaidi, hata chembe usiiguse."

Malachy akatazama mikono yake.

"Hata skonzi?"

Mwanaume mzima, aliyezalisha ng'ombe kwenye theluji, aliuliza kwa sauti ya mtoto wa chekechea.

Yule binti hakucheka. Akamgusa bega. "Hata skonzi, baba. Na utumbo usipoanza kupona hadi mwisho wa kiangazi, itabidi nikulaze."

Kwenye gari alishika kofia magotini. Tulipofika getini ndipo akauliza, "Sasa saa tano nitakuwa naingia ndani kufanya nini?"

Jamani.

Nikamwambia, "Utaingia kula skonzi. Mke unaye, oveni unayo. Shuka ufungue geti."

Nilisema kwa ujasiri. Sikujua ninachokisema.

Kumbe ngano ndiyo gundi ya dunia. Ukiiondoa, hakuna kinachotaka kushikana na kingine. Nilianza na unga wa nazi. Unga wa nazi unakunywa maziwa kama mlevi aliyelipiwa na mwenzake. Unaongeza yai, unameza. Unaongeza lingine, unameza. Mwisho nikapata kitu ambacho ningeweza kuzibia ufa wa ukuta.

Nikahamia unga wa lozi. Nikaweka yale maganda ya mbegu wanayouza duka la dawa, yanayovuta maji na kunata. Nikaweka beking pauda, siagi ya baridi, malai, na ile sukari ya kopo isiyoingia kwenye damu. Zabibu nikaziacha kwa sababu zenyewe ni sukari iliyovaa ngozi. Badala yake nikapanda mlimani kuchuma beri nyeusi, zile zinazoota chini chini, nikarudi magoti yamelowa na ulimi una rangi ya wino.

Kukata nako hakukunisumbua. Nililipapasa donge juu ya kibao cha mama, vumbi la unga chini yake lisinate, nikachukua glasi ya mama, ile yenye pengo mdomoni, nikaichovya, nikakata. Kila skonzi ya nyumba hii ina kovu pembeni kwa sababu ya lile pengo. Sehemu hiyo sikuhitaji kujifunza. Mkono unaijua wenyewe.

Saa tano Malachy akavua buti.

Akang'ata.

Nikasikia sauti kama mtu anatembea juu ya kokoto.

Akatafuna. Akanywa chai. Akatafuna tena. Machozi yakamlengalenga.

"Tamu, mama," akasema.

Nikamwekea nyingine.

"Hizi nitakwenda kuzilia bandani," akasema. "Karibu na trekta. Kuna hewa."

Akabeba sahani nzima. Akarudi na sahani tupu. Moyo wangu ukajaa kama mtungi.

Ikawa ndiyo kawaida yetu. Moja mbele yangu, zilizobaki bandani. Kila siku, "Tamu, mama."

Sasa mnielewe. Kwetu hakuna mtu anayemwambia mpishi kwamba chakula chake kibaya. Ukilishwa kiatu utasema kimeiva. Majirani nao niliwaonjesha. Mmoja akasema, "Zinashibisha hizi!" Mwingine akaipima kiganjani akasema, "Ina uzito wa heshima." Mimi nikacheka, nikajua nimeweza.

Mtu mmoja tu aliiweka chini.

Concepta.

Concepta ni mjane, nyumba yake inatazamana na yetu. Kila mwaka kwenye maonyesho ya wakulima skonzi zake zinapata utepe wa kwanza, na tepe zote amezitundika juu ya jiko, mahali ambapo Wakristo wenzake wanatundika picha ya Moyo Mtakatifu. Mdomo wake unaweza kukata kabichi.

"Nuala, dada yangu," akasema, "hii nikimrushia mwizi, nitafungwa mimi."

Nikamwonyesha mlango. Nilimwonyesha kwa adabu, lakini alipita haraka.

Wiki zikaenda. Nikasubiri mzee anenepe.

Hakunenepa.

Tukarudi kwa daktari. Akasoma majibu, akayasoma tena, akamtazama Malachy.

"Baba, kuna mahali unakula ngano."

"Sijala," Malachy akasema. "Naapa."

"Kwangu mimi hakuna!" nikadakia. "Namwokea kwa mikono yangu hii!"

"Basi ni kwa watu," daktari akasema taratibu. "Mama, mwangalie. Muda tuliobaki nao si mwingi."

Njiani nikaanza kupiga hesabu za nyumba. Kwetu ukikaribishwa chai unakataa. Hiyo ni heshima. Mwenyeji anarudia, unakataa tena. Anarudia, unakataa kinyonge, na kufikia hapo keki ipo kwenye sahani yako imepakwa siagi. Hapana ya Malachy haina meno kabisa. Mtu huyu alishanunua punda kwa kushindwa kusema hapana.

Hata Padre alikuwa mwangalifu kuliko watu wengine. Alimtafutia Malachy hostia ya Komunyo ya pekee, isiyomdhuru, akaiweka kwenye kikopo chake, na kila Jumapili akampa kwanza yeye kabla vidole havijagusa nyingine. Sikumwomba. Alisikia tu, akafanya.

Kwa hiyo si kanisani. Ni nani basi?

Jibu nikaliona dirishani.

Malachy anavuka barabara. Kwenda kwa Concepta. Na kofia nzuri.

"Ulikuwa wapi?" nikamuuliza aliporudi.

"Geti la Concepta limelegea."

Kesho yake tena.

"Geti tena?"

"Bawaba."

Siku ya tatu nikalitazama lile geti mwenyewe. Lilikuwa zima kuliko mimi.

Halafu akarudi siku moja ananukia siagi ya moto na vanila. Na kwenye nyusi yake ya kushoto, unga.

Unga kwenye nyusi! Wanawake wengine waume zao wanarudi na rangi ya mdomo kwenye kola. Wangu amerudi na unga. Mjukuu wangu angeuita mchepuko. Mimi sikuuita kitu. Nilikaa kwenye kiti cha Malachy nikasikia baridi ya miguuni. Sikuwa naogopa kuibiwa mume, maana nani angemchukua na yale masoksi. Niliogopa kumzika. Anakufa kidogo kidogo ng'ambo ya barabara, kwa skonzi za utepe wa kwanza, na ananiogopa mimi kiasi cha kunidanganya.

Hasira nikaifungia kwanza. Misa ya majirani ilikuwa inakuja nyumbani kwetu.

Huku kwetu Misa huhama, leo nyumba hii, mwaka ujao ile, na ikikufikia zamu lazima upake rangi nyumba, upake rangi zizi, na mume akisimama vibaya unampaka naye. Baada ya Misa wote wanakula kwako. Wakitoka wanakwenda kukusema.

Nikapaka rangi. Nikaosha mapazia. Nikaoka masinia ya skonzi za lozi na beri, maana niliapa: ndani ya nyumba yangu Malachy atakula kila anachokula Padre.

Misa ikaenda vizuri. Padre Ronan akavua kanzu, akakaa kichwani mwa meza, akachota jamu.

Ndipo Bosco akaingia.

Ko.

"Ni jiwe," mzee mmoja akasema.

Concepta akanyoosha shingo. "Si jiwe. Tazameni pembeni. Lina kovu la glasi ya Nuala."

Chumba kizima kikakodolea lile kovu. Halafu kikakodolea sinia langu, ambako skonzi zote zilikuwa na kovu hilohilo.

Bosco akatoka mbio, akarudi na nyingine. Akaiweka kwenye kiatu kilekile. Akatingisha mkia, anasubiri sifa.

"Malachy," nikasema.

Malachy alikuwa mwekundu hadi kwenye masikio.

"Malachy, mbwa anazitoa wapi?"

"Nyuma ya trekta, mama."

"Zimefikaje nyuma ya trekta?"

"Nimezizika."

Mtu mmoja akakohoa chai puani.

"Nilimpa Bosco akakataa," Malachy akaendelea, kama mtu aliyeamua kumaliza ungamo lote. "Nikawapa kuku. Wakaziogopa. Nikitupa kwenye pipa ungeziona. Kwa hiyo..." Akafanya ishara ya koleo. "Lakini moja kila siku nilikula, mama. Moja mbele yako. Hiyo niliila yote."

Pale ningepaswa kucheka. Badala yake hasira yote niliyoifungia ikakatika kamba.

"Na wewe!" Nikamgeukia Concepta. "Unamwita mume wangu nyumbani kwako kila siku unamlisha ngano! Utumbo umeoza, daktari anataka kumlaza, wewe unamlisha! Mwizi wa mume wa mtu! Hizo tepe zako zitakusaidia nini nikimzika?"

Kijiko cha Padre kimesimama hewani.

Concepta akaweka kikombe chini.

Malachy ndiye aliyenyanyuka. Akatoka nje. Nikadhani anaondoka. Akarudi na kopo la bati kutoka bandani, akalifungua mbele yangu.

Skonzi. Zimepanda vizuri, zina rangi ya asali, beri zimepasuka juu. Hazina kovu.

"Nimeoka mimi," akasema.

"Wewe?"

"Za lozi, kama zako. Concepta amenifundisha. Nilitaka nizichanganye kwenye sinia lako leo, kimyakimya, watu wakusifu na wewe usijue." Akashika kofia kwa mikono miwili. "Nilishindwa kukwambia zile ni mbaya, mama. Ulikuwa unatoka mlimani magoti yamelowa."

Concepta akagonga meza. "Unga wa ngano nimeufungia ghorofani tangu siku ya kwanza. Nimenunua kibao kipya kwa ajili ya hili zimwi lako. Mikono anaosha hadi viwiko. Mtoto wa dada yangu ana ugonjwa huohuo, naujua. Na aliniapisha kwa kaburi la marehemu wangu nisikwambie. Mwizi wa mume! Mume mwenyewe amepika mayai yangu yote, amevunja bakuli mbili!"

Nikakaa.

Mtu niliyemfukuza mlangoni kwangu alikuwa amesugua jikoni kwake kwa ajili ya mume wangu, na hakumwambia mtu yeyote.

"Kama si kwako," nikauliza, "ngano anaipata wapi?"

Padre akatazama jamu.

Concepta akanitazama mimi. Halafu akatazama kibao cha mama ukutani.

"Nuala. Hebu oka. Hapa. Nione."

"Watu wanakula!"

"Waache wale. Oka."

Nikaoka. Majirani wakasogea na vikombe vyao, hakuna aliyejifanya hatazami. Lozi. Maganda. Beking pauda. Siagi nikaivunjavunja kwa vidole. Yai, malai, sukari ya kopo, beri. Concepta kila kitu anatikisa kichwa, sawa, sawa.

Nikashusha kibao cha mama. Nikanyoosha mkono kwenye gudulia la dirishani, nikachota konzi, nikanyunyiza. Nikachukua glasi, nikaichovya mdomo humohumo.

Concepta akanikamata kifundo cha mkono.

"Hicho nini?"

"Vumbi tu. Lisinate."

"Vumbi la nini, dada?"

Nikatazama kiganja changu.

Unga mweupe.

Ngano.

Unga wa mkate wangu. Konzi chini ya donge na duara pembeni ya kila skonzi, kila siku niliyomwokea. Nilisoma maandishi ya kila pakiti kwa miwani miwili, nikafuta kila rafu, na mkono wangu ukaendelea kufanya kile ulichofundishwa nikiwa msichana, bila kuniuliza. Gudulia lilikuwa dirishani muda wote. Sikuliona kama vile usivyoiona pua yako.

Zile alizozizika hazikumdhuru.

Ile moja ndiyo ilimdhuru. Ile aliyoila kwa kunipenda.

Nikaanza kukaa mahali pasipo na kiti. Padre akasukuma kiti kikanifikia chini yangu, hata leo sijui alifikaje haraka vile.

"Padre," nikasema, "nimempa mume wangu sumu."

"Mimi kanzu ya kuungamisha nimeshavua, mama," akasema. "Kunywa chai kwanza."

Malachy akapiga goti mbele yangu, jinsi anavyopiga mbele ya ng'ombe aliyezaa kwa shida. Akanishika ile mikono yenye unga, halafu akakumbuka, akaiachia upesi, akajifuta kwenye suruali.

"Miaka yote nilidhani utaniua kwa mdomo," akasema. "Kumbe ulihamia mikononi."

Chumba kikalipuka. Concepta alicheka hadi akashika jiko, na mimi nikacheka nikilia, kamasi na yote, mbele ya mapazia yangu safi.

Concepta akabeba lile gudulia kwapani. "Naondoka nalo. Unga mzuri huu, hautupwi."

Kibao cha mama nikakitia kwenye moto wa jiko siku hiyohiyo. Kiliniuma. Glasi niliibakiza. Niliichemsha.

Kiangazi kikaisha. Tukaenda kwa daktari, nikashika rozari mfukoni hadi ikaniachia alama. Yule binti akasoma majibu, akayasoma tena. Akatabasamu, na nikaona kumbe ni mzuri akilala vizuri.

"Utumbo unapona, baba. Halazwi mtu."

Suruali sasa inajishikilia yenyewe. Kamba imerudi kwenye majani.

Na Concepta anakuja kila siku, ana kiti chake. Kazi yake ni kuonja na kunitukana.

Wewe unayesoma haya, na una mtu mgonjwa unayempikia: mapenzi yako hayaoshi mikono. Kaa chini uutazame mkono wako unafanya nini wakati wewe unamfikiria yeye. Na ukiwa na jirani anayekwambia usoni kwamba chakula chako kibaya, usimwonyeshe mlango. Hao wanaosema kitamu wanakupenda, lakini yeye ndiye atakayekamata mkono wako.

Jana saa tano Malachy alivua buti, akaingia, akakaa. Nikamwekea skonzi yenye kovu pembeni.

Akang'ata. Akatafuna. Akaitazama.

"Hii imekauka kidogo," akasema.

Tangu tuoane, ndiyo mara ya kwanza.

Nilimpiga na kitambaa cha vyombo. Halafu nikambusu kichwani, pale penye upara, nikamwongezea siagi.